Meya na Heshima Impasayo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Lupembe)



Kamati imetutaka tuseme habari za Meya, kazi yake, na namna ya kumstahi. Labda mwenzetu mmoja atauliza, "Sisi watu wa Lupembe tuna haja gani na Meya?" Swali hili si la kipuuzi. Tukienda Njombe au Makambako hatumkuti, maana miji hiyo ina Halmashauri ya Mji, na mkuu wa madiwani wake huitwa Mwenyekiti. Jina la Meya limewekewa Manispaa na Jiji, kama Iringa na Mbeya. Lakini karani ni mtu wa kuhamishwa, leo yuko huku, kesho yuko Iringa. Tena kazi ya Mwenyekiti yule na kazi ya Meya zafanana sana, na asiyeijua moja hataijua ya pili.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waingereza, na asili yake ni Kilatini, maana yake "mkubwa zaidi." Hapo ndipo watu wengi hupotea. Hudhani kwamba Meya ni mkubwa wa kila kitu mjini, wa fedha, wa viwanja, wa magari na wa makarani pia. Sivyo. Meya ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake. Huongoza mkutano wa Baraza, huwapokea wageni wa mji, na husema kwa niaba ya mji. Watumishi wako chini ya Mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais, naye ndiye katibu wa Baraza. Mkuu wa Wilaya ni mtu wa tatu, na yeye ni mwakilishi wa Serikali Kuu. Milango mitatu, kazi tatu.

Basi mzee ametoka milimani na karatasi yake ya kiwanja, amepanda gari alfajiri, nasi twamwambia kwa uvivu, "Nenda kwa Meya." Akifika huko aambiwa arudi kwa Mkurugenzi, na afisi imekwisha fungwa. Mzee yule amepoteza nauli na siku nzima kwa neno letu moja.

Sasa adabu. Meya huitwa "Mstahiki Meya," na diwani huitwa "Mheshimiwa." Aingiapo katika Baraza watu wote husimama. Anenaye huelekeza maneno yake kwa kiti, hata kama ajibizana na diwani aliye kando yake. Wala hamwiti Meya kwa jina, ingawa ni binamu yake waliyechunga ng'ombe pamoja. Joho na mkufu wake ni mali ya Halmashauri. Pwani, watu wa Lamu na Pate walikuwa na siwa, baragumu kubwa iliyokuwa alama ya enzi ya mji. Aliyeipuliza hakuwa mwenyewe. Ndivyo ulivyo mkufu ule.

Wazee wetu walimstahi Mtwa kwa ajili ya ukoo wake, na utawala wa namna hiyo uliondolewa kwa sheria mwaka 1963. Meya hustahiwa kwa ajili ya kiti. Sheikh Amri Abedi, yule mshairi, alikuwa Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho Dar es Salaam, mwaka 1960. Charles Rubia alifuata Nairobi mwaka 1962. Na kiti chenyewe chaweza kuondoka. Kuanzia mwaka 1972 halmashauri zetu zilivunjwa, na zile za miji zikarudi mwaka 1978. Huko Kenya mameya walikoma mwaka 2013, magavana waliposhika kazi.

Liko jambo moja lituhusulo sisi makarani zaidi ya kusimama na kuketi. Twamjua mwenzetu, wala hatumtaji yeye wala mji wake, aliyeambiwa kwa mdomo na mkubwa wa madiwani atoe mafuta ya gari. Aliona haya kukataa, akayatoa. Wakaguzi walipokuja, waliuliza hati. Hati haikuwako, na aliyeagiza hakukumbuka neno. Mwenzetu alikatwa mshahara miezi mingi, na watoto wake wakarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.

Wengine husema kwamba angalimjibu kwa ukali. Sisi hatukubali, maana ukali ungemvunjia mkubwa heshima bila kumwokoa karani. Yatosha kusimama, kusikiliza hata mwisho, na kusema, "Mstahiki, nimesikia. Neno hili nampelekea Mkurugenzi sasa hivi." Kisha liandikwe siku ile ile, kwa tarehe na saa, liwekwe katika faili. Mkurugenzi akikubali, atatia sahihi yake. Akikataa, watazungumza wao wawili, walio sawa kwa mazungumzo hayo.

Na yule mzee wa kiwanja, mwandikieni mlango wake katika kipande cha karatasi, pamoja na siku afisi ile ipokeapo watu.