Ankoro: jiwe la ukumbusho liandikwe majina ya wadogo

Maneno yaliyosemwa kwa jina la vijana wa harakati yetu, siku kikundi cha historia cha Ankoro kilikumbuka miaka ya mapinduzi.



Tunashukuru kikundi cha historia kwa kutuita. Mulituomba tuseme kidogo juu ya sehemu ya kwetu katika mapinduzi. Hapa mbele kumeikaa wazee wenye walikuwa watoto katika miaka ile, wengine walikimbilia porini wakiwa mugongoni mwa mama zao. Sisi tulizaliwa nyuma sana. Hatukuja kuwafundisha wazee mambo yao. Tulikuja na ombi moja, na tunalisema mapema ili musichoke kulingojea: lile jiwe la ukumbusho lenye munataka kusimamisha, lisiandikwe jina la mukubwa peke yake. Liandikwe majina ya wale wenye walikufa.

Juu ya nini tunakaza hivi? Turudi nyuma pamoja.

Mwezi wa tano mwaka 1960, watu wa Katanga walipiga kura. Baraza la jimbo lilikuwa na viti 60. Conakat ya Moïse Tshombe ilipata 25. Kartel yenye kuongozwa na Balubakat ya Jason Sendwe ilipata 23. Viti viwili tu vya tofauti! Sheria ya wakati ule ilidai theluthi mbili ya wabunge wawe ndani ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe. Maana yake, ilikuwa lazima watu wasikilizane. Lakini katikati ya mwezi wa sita, Bruxelles ilibadilisha ile sheria, na Conakat ikafanya serikali bila kusikilizana na watu wa kaskazini. Tarehe 30 Juni inchi ikapata uhuru. Tarehe 11 Julai, Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo.

Vijana wenzangu, shikeni hilo vizuri. Ile vita ya kaskazini haikuanza kwa sababu ya hasira ya bure ao kwa sababu Muluba anapenda vita, kama magazeti ya Ulaya yalivyoandika. Ilianza juu ya kura zenye hazikuheshimiwa. Nani kati yetu hapa hajui maumivu ya kura isiyoheshimiwa?

Basi sehemu kubwa ya kaskazini ikakataa: Manono, Kabalo, Kabongo, Malemba-Nkulu, Nyunzu, na hapa kwetu, penye Luvua inaingia Lualaba. Na waliotangulia mbele walikuwa vijana. Jina lao linajulikana: Jeunesse ya Balubakat. Walikuwa na nini? Mishale, mapanga, minyororo ya kinga, na bunduki za pupu zenye fundi wa kijiji alitengeneza kwa bomba ya chuma. Walikata miti wakaiangusha barabarani, walivunja vilalo. Upande mwingine kulikuwa majandarme wa Katanga wenye bunduki za kweli, pamoja na wakubwa wao Wabelgiji na mamluki. Vijiji vikachomwa. Watu wakaikaa porini miezi, wanakula mizizi.

Mwezi wa kwanza mwaka 1961, basoda wa serikali ya Stanleyville walifika Manono, na Jimbo la Lualaba likatangazwa, mukubwa wake Prosper Mwamba Ilunga. Manono ikawa muji mukuu. Mwisho wa mwezi wa tatu, majandarme na mamluki wakarudi wakauchukua tena. Kujitenga kwa Katanga kuliisha kabisa Januari 1963. Kaskazini ilikuwa imekataa tangu siku za kwanza, na ililipa bei kubwa.

Hiyo ndiyo heshima yetu. Hatuifiche. Lakini ukumbusho wa kweli hauchague tu vipande vitamu.

Tarehe 8 Novemba 1960, karibu na Niemba, upande wa Albertville, yaani Kalemie ya leo, basoda 11 wa Irlande walifika kwenye kilalo kilichovunjwa. Walikuwa na kofia za Umoja wa Mataifa. Vijana wa kwetu waliona watu weupe wenye bunduki, na weupe wenye bunduki wenye walijua walikuwa wale wa kuchoma vijiji. Wakawazunguka. Basoda 9 walikufa, wawili tu waliokoka. Vijana wa upande wetu pia walikufa siku ile.

Sasa sikilizeni. Kule Irlande, watu wengi sana walijaa barabara za Dublin siku ya kuzika. Wale 9 wana majina: luteni Kevin Gleeson aliyewaongoza, na mumoja aitwaye Anthony Browne, mwenye mwili wake ulipatikana miaka miwili kisha, na inchi yake ikampa nishani kubwa ya ushujaa. Zaidi ya miaka 60 imepita, jamaa zao na wenzao bado wanawakumbuka kila mwaka, jina kwa jina.

Na wale wa kwetu wenye waliangukia pale pale, kwenye kilalo kile kile? Mama zao waliwapa majina. Walikuwa na bibi, na wadogo zao waliwangojea. Nani hapa anaweza kutaja watano? Tunaona haya kujibu. Inchi ya wageni ilihesabu watoto wake tisa. Sisi, penye ilikuwa udongo wetu na vita yetu, tuliacha watoto wetu waitwe neno moja tu: “Jeunesse”. Neno hilo si jina la mutu.

Tuendelee. Mwaka 1964 moto ukawaka tena. Mwezi wa sita, waasi wa Gaston Soumialot waliuchukua muji wa Albertville. Vijana wengi wa kaskazini waliingia ndani ya uasi ule, maana uhuru ulikuwa umewaletea wakubwa wapya wenye tumbo kubwa na mushahara, na kijiji kilibaki kama zamani. Kati ya viongozi wa pale alikuwa Laurent-Désiré Kabila, mwenye alianzia ndani ya ujana wa Balubakat, na mwenye Ankoro inamuhesabu kuwa mutoto wake.

Lakini katika siku zile zile za mwezi wa sita, ndani ya muji ule ule, Jason Sendwe aliuawa. Yule yule Sendwe mwenye jina lake liliimbwa mwaka 1960, na juu yake vijana walienda kupigana na mishale! Kwa miaka minne tu, aliyebebwa juu ya mabega akawa maiti. Mwisho wa mwezi wa nane, jeshi la serikali lilirudi na mamluki, likauchukua muji, na waliolipa tena walikuwa watu wadogo. Wakubwa wengi walivuka Ziwa Tanganyika. Kijana wa kijijini hakuwa na mashua ya kuvuka.

Wazee, hatusemi hivi kwa kudharau. Tunauliza tu swali lenye mulitufundisha wenyewe: kama kila vita wakubwa wanavuka na wadogo wanabaki, ukumbusho unapaswa kuanza na nani?

Na hatuwezi kusimama hapa Ankoro tukasema juu ya 1960 na 1964, kisha tukaruka 2002. Wengi wetu vijana tunayajua haya kwa macho ao kwa midomo ya wazazi wetu. Tangu vita ya 1998, serikali iliwapa vijana wa Mai-Mai silaha ili wapigane na adui. Waliambiwa ni wazalendo, ni watoto wa mapinduzi. Kisha, mwezi wa kumi na moja mwaka 2002, Mai-Mai wale na jeshi lenyewe la serikali wakapigana hapa hapa, katikati ya nyumba zetu. Raia makumi na makumi waliuawa. Nyumba maelfu zilichomwa. Umoja wa Mataifa ulikuja kuchunguza, na kesi ikafika mbele ya mahakama ya kijeshi ya Katanga, hukumu ikatoka mwaka 2004. Karatasi za hukumu ziko. Lakini muulizeni mama mwenye alizika mutoto wake mwezi ule: ni nani anasoma jina la yule mutoto mbele ya watu?

Halafu ikafika vita ya Waluba na Watwa. Kuanzia 2016 jimbo lote la Tanganyika liliwaka: Manono, Kabalo, Nyunzu, mpaka Kalemie. Watu maelfu na maelfu waliikaa chini ya mahema ya nyasi kandokando ya Kalemie. Mishale ikarudi, lakini mara hii ilitupwa kwa jirani, mwenye tulikuwa tunauza naye na kuzika naye. Na tulisikia kwa masikio yetu namna vijana walivyoitwa: “Babu yako alichukua mushale, na wewe uchukue!”

Hapa ndipo kwenye ombi letu. Babu alichukua mushale juu ya kura yake yenye ilikanyagwa. Mwenye kukuita leo ukamuchome Mutwa ndani ya nyumba yake anaiba jina la babu yako. Na anaweza kuliiba kwa urahisi kwa sababu hakuna mahali limeandikwa pamoja na habari yake yote. Kama kijana hajui kwamba ule mushale ulianzia kwenye sanduku la kura, na kwamba uliangukia pia wasio na kosa, na kwamba wengi wenye waliurusha walikufa na kusahauliwa, basi mukubwa yeyote mwenye kupita na beer na mashati ya chama atamuambia historia anayoitaka.

Jiwe lenye jina moja la mukubwa litakuwa jiwe la kampeni. Kila uchaguzi watakuja kupiga picha mbele yake. Jiwe lenye majina mia ya watu wadogo, nani atalitumia? Litakuwa la jamaa zao tu. Ndiyo maana tunalitaka.

Mutasema: vijana, ninyi munasema tu, kazi ni ya nani? Ni yetu. Tulikuja tayari, na tunaweka mbele yenu mambo matatu.

La kwanza: muturuhusu tupite kijiji kwa kijiji, na kaye na telefone, tuandike majina. Wa 1960 na 1961, wa 1964, wa 2002, wa miaka ya vita na Watwa. Jina, kijiji, mwaka, na nani anatoa ushuhuda. Mwenye hataki kusema, tutamuheshimu. Hatuombi franga.

La pili: kaye ile isiandike Waluba peke yao. Tuende kwa wazee Watwa pia, tuwaulize wao waliona nini na walizika nani. Kama kikundi cha historia kinaogopa kuandika jina la Mutwa mwenye aliuawa na vijana wa kwetu, basi hicho si kikundi cha historia, ni kikundi cha sifa. Sisi tunawajua, wazee. Hamutaogopa.

La tatu: kabla ya jiwe, tusome majina. Kila mwaka, siku kama hii, kila jamaa isimame isome ya kwao, kwa sauti. Saruji ina bei, na mafundi watangojea malipo. Kusoma hakuna bei. Tunaweza kuanza leo na majina machache yenye munayo kichwani.

Ndugu vijana mutakaosoma haya Kalemie, Lubumbashi, Kinshasa, ao mbali zaidi: wengi wenu muna babu ao bibi mwenye alitoka kaskazini wakati wa zile vita. Mupigie simu wiki hii. Usianze na swali kubwa la siasa. Muulize: “Mulikimbia na nani? Nani hakurudi?” Andika jibu lake. Wazee wa 1960 leo wako na miaka 80 na zaidi. Kila mwezi tunazika mumoja, na pamoja naye tunazika kaye nzima yenye hakuna mutu alifungua.

Vijana wa mwaka 1960 walidai kitu kimoja: sauti yao ihesabiwe. Hawakuhesabiwa walipopiga kura, hawakuhesabiwa walipokufa. Sisi tunapigana bila mushale, kwa kalamu, kwa kusimama barabarani mikono mitupu, kwa kudai kura yetu. Lakini deni ni lile lile. Tuwahesabu.

Muzee mwenye yuko na jina la kwanza, tunamungojea. Kaye iko wazi.