Kufariji ni Kufungua Nafasi

Leo tutazame neno tunalolisikia kwenye kila kilio: faraja.

Neno hili lilitoka katika Kiarabu. Mzizi wake ni kufungua, kutoa nafasi mahali palipobana. Kifaransa nacho kina neno confort. Wengi wanafikiri ni kiti laini na nyumba nzuri tu, lakini asili yake ni Kilatini: kumtia mtu nguvu. Basi kufariji ni mambo mawili, kufungua moyo uliobanwa na kuutia nguvu.

Tangu vita vya 1996 tumezika wengi hapa Kivu. Tunaketi na wafiwa, tunaleta kuni, maji na unga. Ni vizuri. Lakini mara nyingine mtu anamnong'oneza mfiwa: «Ni kabila lile lilimwua. Usisahau.» Je, huyo amefariji? Hapana. Amefunga moyo uliokuwa unatafuta nafasi, na nguvu aliyoutia ni ya kisasi. Mfiwa ana haki ya kudai sheria imshike muuaji. Lakini kabila zima halikushika silaha. Kisasi kitahamisha kilio kwenye nyumba nyingine, kisha kitarudi.

Na jirani wa kabila lingine akifiwa, nani ataenda kwake? Usingoje mkutano wa wakubwa. Nenda, sema pole, keti naye, mwache alie. Hapo umefungua nafasi ambayo bunduki haiwezi kufungua.

Amani iwe nyumbani mwenu.