Kioo na Risasi: Maneno kwa Wanaoanza



Katika jubilei hii nimepewa kazi ya kusema juu ya madirisha ya vioo vya rangi. Tena si jinsi ya kuyatazama, bali jinsi ya kuyatengeneza nyumbani kwa mikono yetu wenyewe. Wako wadhanio ya kuwa kazi hii ni ya mafundi wakuu peke yao. Sivyo. Vyombo vyake ni vichache, na mtu mwenye subira aweza kuianza. Walakini imo hatari moja ndani yake, nami sitaificha.

Kwanza tufahamu dirisha hili ni kitu gani. Si kioo kimoja kilichopakwa rangi. Ni vipande vingi, na rangi ya kila kipande imo ndani ya kioo chenyewe, kwa kuwa kilipoyeyushwa katika tanuu kilichanganywa na madini: kobalti hufanya buluu, manganizi hufanya zambarau, na shaba hufanya kijani au nyekundu. Vipande hivyo hushikwa pamoja kwa fito nyembamba za risasi. Kila ufito una mfereji mdogo huku na huku, na kioo huingia humo. Ile mistari myeusi tuionayo dirishani ndiyo risasi. Mchoraji mwema haionei haya. Huipanga tangu mwanzo, maana pasipo mistari hiyo hakuna dirisha.

Faida yake yaonekana katika kanisa kuu la Chartres, nchi ya Ufaransa. Vioo vyake vingi vilitengenezwa katika miaka ya kwanza baada ya 1200. Mwaka 1939, vita vilipokaribia, viliondolewa vikafichwa. Vita vilipokwisha, vikarudishwa mahali pake. Kama vingalikuwa kioo kimoja kikubwa, nani angaliweza kuvichukua? Tena risasi ikichoka baada ya miaka mingi, fundi huifungua akatia mpya, na kioo kile kile cha kale huendelea kuangaza.

Sasa njia ya kuanza. Msianze kwa sura ya mtu wala kwa ua lenye mizunguko mingi. Anzeni kwa vipande sita au vinane, vyenye kingo zilizonyoka, katika mraba wa sentimeta 30. Choreni mfano wenu juu ya karatasi kwa ukubwa wake halisi, mkaandike namba juu ya kila kipande. Kisha fanyeni karatasi ya pili iliyo sawa nayo, mkaikate vipande vipande, mkiacha nafasi ya milimeta 2 hivi kati ya kipande na kipande. Nafasi hiyo ni ya moyo wa risasi. Asiyeiacha ataona vioo vyake vyapita kipimo.

Kukata kioo si kukata hasa, ni kukikwaruza na kukivunja. Chovyeni gurudumu dogo la kukatia katika mafuta ya taa, mkalipitishe mara moja tu, tangu ukingo hata ukingo. Msirudie juu ya mstari ule ule, maana mtaharibu chombo na kioo pia. Kisha shikeni kioo kwa mikono miwili, vidole gumba huku na huku ya mstari, mkikunje kwa nguvu kidogo nacho kitaachana. Macho na yafunikwe kwa miwani. Kingo kali zisuguliwe kwa jiwe la kunolea lenye maji.

Baada ya hayo pigilieni mbao mbili juu ya meza ili zifanye pembe, mkaanze pembeni: risasi, kioo, risasi, kioo, mkizuia kila kitu kwa misumari. Kila mahali fito zinapokutana, safisheni kwa brashi, pakeni shahamu, mkatie lehemu. Lehemu ya sehemu 60 za bati na 40 za risasi huyeyuka karibu na digrii 190, na risasi yenyewe digrii 327. Kwa hiyo chuma cha moto kisikae sana mahali pamoja, kisije kikayeyusha ufito wenyewe. Geuzeni, mfanye vivyo hivyo upande wa pili. Mwisho sukumeni chini ya risasi chaki iliyosagwa na kuchanganywa na mafuta ya kitani, ili mvua isipite.

Sasa ile hatari. Risasi ni sumu. Shirika la Afya Duniani lafundisha ya kuwa hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama, na ya kuwa mtoto mdogo akiimeza, mwili wake huinyonya mara 4 au 5 kuliko wa mtu mzima. Huudhuru ubongo wake na kumpunguzia uwezo wa kujifunza. Basi kazi hii isifanyike jikoni kamwe, wala mahali watoto wachezapo. Madirisha yawe wazi. Mfanyaji asile wala asivute tumbako kazini. Anawe mikono kwa sabuni, vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji wala lisifagiliwe, na nguo zake zifuliwe mbali na za nyumbani.

Ninyi walimu, msiwape watoto risasi. Wapeni karatasi nyeusi ikatwe iwe mistari, na karatasi nyembamba za rangi nyuma yake. Wataibandika dirishani na kujifunza jambo lile lile. Wakubwa wasiotaka risasi nyumbani na wawaangalie mafundi wa Sana'a huko Yemen, ambao hushika vioo vyao vya rangi kwa jasi.

Basi, anayetaka na aanze, kwa kidogo na kwa uangalifu. Dirisha jema ni lile lililotiwa nuru nyumbani pasipo kumdhuru mtoto aliyemo.