Kuchemsha Kidari cha Kuku Kisiwe Kikavu

Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya jambo lionekanalo dogo, nalo ni namna ya kuchemsha kuku, na hasa kidari chake, ili nyama iwe laini, isiwe kavu kama uzi wa katani. Labda wako watakaouliza, "Je, hilo nalo ni jambo la kusemwa katika radio? Nani asiyejua kuchemsha kuku?" Twajibu kwamba kila mtu ajua kuchemsha kuku, lakini si kila mtu ajuaye kwa nini kuku wa nyumba hii huliwa hata na mzee asiye na meno, na kuku wa nyumba ya pili kidari chake huachwa ukingoni mwa sahani.

Tufikiri kwanza kuku ni kitu gani kwa watu wa kwetu, tukianzia Mbuji na vijiji vingine vya milima ya Matengo, hata kuteremka pwani ya Ziwa Nyasa, Liuli na Mbamba Bay. Kuku si chakula cha kila siku. Chakula cha kila siku milimani ni ugali na maharage, na ziwani ni ugali na samaki. Kuku ni akiba. Huuzwa mtoto atakiwapo daftari, au mgonjwa apelekwapo hospitali. Huchinjwa mgeni ajapo, au mama ajifunguapo, au siku ya sikukuu. Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Basi mtu achinjapo kuku wake ametoa mali, na nyama ile ikiharibika chunguni hawezi kuirudisha bandani ikawa kuku tena.

Jambo la kwanza litupasalo kujua ni kwamba katika kuku mmoja mna nyama za namna mbili. Kuku wetu hutembea mchana kutwa akichakura. Miguu na mapaja yake hufanya kazi daima, kwa hiyo nyama yake ni nyeusi kidogo, nayo imefungwa kwa kano na utando mgumu. Kidari ndicho kipigacho mabawa, na kuku haruki ila mara chache, akimkimbia mwewe au akipanda mtini jioni. Kwa hiyo nyama ya kidari ni nyeupe, ina nyuzi ndefu, na kano ndani yake ni chache, wala haina mafuta mengi.

Sasa moto hufanya kazi mbili zilizo kinyume katika nyama hizo. Kano na utando, zikikaa muda mrefu katika maji ya moto, huyeyuka zikawa laini na zenye utelezi. Ndiyo maana mchuzi wa miguu ya kuku huganda ukipoa usiku. Lakini nyuzi za nyama, zikipata moto, hujikunja na kukamua maji yake, kama mtu akamuavyo nguo aliyoifua mtoni. Kadiri moto uzidivyo kuingia, ndivyo zikamuavyo zaidi. Watu wengi hushangaa na kusema, "Nyama i ndani ya maji, itakaukaje?" Jibu ni hili: maji ya nje hayawezi kuingia katika uzi uliokwisha kujikunja. Nyama yaweza kuelea katika mchuzi tele, nayo ndani ni kavu.

Basi paja lataka muda, na kidari chataka upole. Wenzetu wa ziwani hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa samaki. Hakuna mama wa Liuli achemshaye samaki kama achemshavyo maharage, maana ajua atavunjika na kuharibika. Na hakuna mama wa Mbuji aepuaye maharage baada ya robo saa. Kumbukeni hivi: paja ni ndugu wa maharage, na kidari ni ndugu wa samaki. Kosa la wapishi wengi ni kuwatia ndugu hao wawili chunguni saa ile ile, na kuwaepua saa ile ile.

Jambo la pili ni habari ya maji yenyewe. Wako wadhanio kwamba maji yakichemka kwa kishindo, huwa na moto zaidi kuliko maji yachemkayo polepole. Sivyo. Maji yakiisha kuchemka hayapandi tena, hata ukichochea kuni mzigo mzima. Kuni zile hugeuza maji kuwa mvuke tu. Tena kiwango cha kuchemka hutegemea mahali. Kwenye usawa wa bahari maji huchemka kwa digrii 100 za Sentigredi. Ziwa Nyasa liko juu ya bahari kwa kadiri ya mita 470, na huko maji huchemka kwa digrii 98 na zaidi kidogo. Milimani, mahali palipoinuka mita 1,500, huchemka kwa kadiri ya digrii 95. Ndiyo sababu maharage ya milimani huchelewa kuiva kuliko ya ziwani, na jogoo mzee vivyo hivyo. Mpishi wa milimani asikasirike na kuongeza kuni. Na aongeze muda, na kufunika chungu vizuri.

Lakini kwa kidari hata digrii 95 ni nyingi. Wataalamu wa chakula wasema nyama ya kuku, ili iwe salama, yapasa ifike digrii 74 ndani kabisa. Kuanzia digrii 65 hivi nyuzi zimekwisha kuanza kukamua maji kwa nguvu. Kwa hiyo njia yetu ni nyembamba: lazima tufike 74, wala haifai tuendelee mpaka kidari kizima kiwe na moto sawa na maji yachemkayo. Hatuhitaji chombo cha kupimia. Macho, kisu na subira vyatosha.

Sasa tueleze kazi yenyewe kwa taratibu. Kwanza, kuku akiisha kunyonyolewa na kusafishwa, mkate katika viungo vyake. Tenga mapaja, miguu, mgongo na shingo upande mmoja. Tenga kidari upande wa pili. Kidari ukigawe mara mbili kwa urefu, lakini usikitoe mfupa wala ngozi, maana mfupa na ngozi hukilinda na moto.

Pili, paka chumvi kidogo kidarini, ukiache nusu saa kimefunikwa ili inzi wasikiguse. Chumvi hiyo huingia katika nyuzi na kuzisaidia kushika maji yake. Ndimu ukipenda, iwe kidogo na mwishoni. Nyama nyeupe ikilazwa muda mrefu katika ndimu hubadilika na kuwa ya ungaunga.

Tatu, tia mapaja, miguu, mgongo na shingo chunguni pamoja na maji ya kufunika nyama, kitunguu na chumvi. Yakianza kuchemka, engua povu, kisha vuta kuni nje ya mafiga, zibaki mbili au makaa tu. Maji yawe yakitikisika, mapovu yakipanda moja moja, wala yasiruke. Funika. Kuku mchanga wa kienyeji, mapaja yake hutaka kadiri ya dakika 40 au 50. Kuku aliyekwisha kutaga miaka miwili mitatu, au jogoo mzee, hutaka muda wa saa moja na nusu hata mbili, na milimani zaidi kidogo.

Nne, mapaja yakikaribia kulainika, ndipo utie kidari. Yaache maji yarudie kutikisika polepole. Kidari cha kuku mchanga chenye mfupa hutaka dakika 20 mpaka 25. Kidari cha kuku mzee kina kano zaidi, kwa hiyo hutaka kadiri ya dakika 40, lakini kwa moto ule ule wa upole. Wale walio mjini Mbinga au Songea, wanunuao kuku wa kisasa, wajue kwamba huyo huchinjwa akiwa na majuma machache tu, nyama yake ni laini tangu mwanzo. Kidari chake kisicho na mfupa hutosheka kwa dakika 15 mpaka 20.

Tano, kijaribu. Choma kisu mahali palipo nene zaidi, karibu na mfupa. Maji yatokayo yakiwa meupe, na nyama ikiwa nyeupe mpaka mfupani, imeiva. Maji yakiwa mekundu, au nyama ikingali na rangi ya waridi, rudisha dakika 5, kisha ujaribu tena. Katika jambo hili tusiharakishe, maana nyama mbichi ya kuku huwa na vijidudu viletavyo kuhara. Kwa sababu hiyo hiyo, kisu na ubao uliokatia nyama mbichi vioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kukatia mboga, na mikono pia. Na kuku aliyekufa mwenyewe kwa ugonjwa asipikwe kabisa.

Sita, epua chungu, ukiache kidari ndani ya mchuzi dakika 10 kikiwa kimefunikwa. Usikitoe mara moja na kukiweka upeponi, kwa kuwa huko hukauka upesi. Mwisho, ukikikata, tazama nyuzi zaelekea wapi, kisha upitishe kisu kwa kuzikingama. Nyuzi fupi hutafunika upesi. Nyuzi ndefu humshinda mzee na mtoto.

Wako watakaouliza habari za mapapai. Ni kweli, utomvu wa papai bichi na wa majani yake una nguvu ya kulainisha nyama, na watu wa pwani hutumia dawa hiyo tangu zamani. Yafaa kwa mapaja ya jogoo mzee: yapake papai bichi lililokunwa, yakae nusu saa, kisha yaoshe na kuyapika. Kidari cha kuku mchanga hakihitaji. Kitakuwa kama uji. Nao wenzetu wa Uganda, Baganda, wana chakula kiitwacho luwombo, ambacho nyama ya kuku hufungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Jani lile hulinda nyama na ukali wa moto na kuyazuia maji yake yasipotee. Mashauri ni yale yale, ijapokuwa vyombo ni mbalimbali.

Sasa, wasikilizaji wetu, tumefika kwenye jambo lililotufanya tuyaseme haya yote. Katika nyumba nyingi, kuku akiiva, firigisi humwendea baba au mgeni, mapaja hugawiwa wakubwa, na watoto wadogo hutiliwa mchuzi juu ya ugali. Ukiuliza, mama hujibu, "Nyama ni ngumu, mtoto hawezi kutafuna, lakini nguvu yote imo katika mchuzi." Jibu hilo latoka katika moyo wa huruma, lakini si kweli. Mchuzi una ladha, chumvi na mafuta kidogo. Chakula kijengacho mwili kimebaki kwa wingi katika nyama yenyewe. Katika gramu 100 za kidari kilichopikwa mna kadiri ya gramu 30 za chakula hicho cha kujenga mwili, kiitwacho protini.

Katika miaka ya 1930 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, alikuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo yaitwa Ghana. Aliandika habari za watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele, na mwaka 1935 aliueneza ugonjwa huo kwa jina la wenyeji, kwashakoo, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa kuwa mdogo wake amezaliwa. Wataalamu wa leo wasema sababu zake ni nyingi, si moja. Lakini wote wakubali kwamba mtoto aliyeachishwa ziwa hawezi kukua vema kwa uji na ugali mtupu. Mikoa yetu ya kusini huvuna mahindi tele, nayo imetajwa mara nyingi miongoni mwa mikoa yenye watoto wengi waliodumaa. Ghala kujaa ni jambo moja, na mtoto kupata chakula kimfaacho ni jambo jingine.

Ndipo kidari laini kinapopata maana yake. Kikipikwa kwa upole na kukatwa kwa kukingama nyuzi, mtoto wa mwaka mmoja aweza kukila kikipondwa katika ugali laini na mchuzi wake. Bibi asiye na meno aweza kukila. Mama aliyejifungua, na mgonjwa aliyechoka kutafuna, waweza kukila. Hakuna fedha iliyoongezwa, na kuni zimepungua. Kilichobadilika ni mpangilio wa kutia nyama chunguni, na namna ya kuugawa mkono wakati wa kupakua.

Basi ninyi wanafunzi, mkirudi nyumbani, msiende kuwafundisha mama zenu kwa kiburi. Ombeni ruhusa ya kuketi karibu na mafiga siku kuku achinjwapo, vuteni kuni kwa wakati wake, na kidari mkitie mwisho. Wakisha kuonja, hawatahitaji maneno yenu. Na ninyi akina baba, mpakuliwapo, tazameni kwanza sahani ya mtoto mdogo kuliko wote.