Mche na Mama Yake

Msikilizaji, tubaki kidogo na habari ya miche ya chai. Ukipita Imenti, au Embu upande wa viwanda vya Mungania na Rukuriri, utakuta kitalu nyuma ya nyumba: vifuko vya nailoni vyenye udongo wa chini, na katika kila kimoja kijiti kifupi chenye jani moja tu. Juu kumefunikwa nailoni ili unyevu usitoroke, kisha kivuli. Baada ya miezi kadhaa jicho lililo kwapani mwa jani huchipua, na mkulima ana mche ambao hakuununua. Kwa mwenye robo eka, si jambo dogo.

Sasa tugeuze upande wa pili. Kijiti hicho ni kipandikizi, na kipandikizi ni mama yake mtupu, yaani mchai kilikokatwa. Ukikata kwenye TRFK 6/8, mchai unaosifika kwa ubora, unachukua pia udhaifu wake. Shamba zima likiwa la mama mmoja, ukame unaomlemea mmoja utawalemea wote. Atakuwepo wa kusema kwamba wazee walipanda na chai ikasimama. Kweli, ila mashamba mengi ya mwanzo yalitokana na mbegu, na miche ya mbegu hutofautiana kama watoto wa nyumba moja. Wengine watataka vitalu vya nyumbani vipigwe marufuku. Hao, nadhani, hawajawahi kununua miche elfu moja. Kukata kunafaa, mradi mama awe anajulikana. Je, ni nani atakayemtambulisha kwa mkulima: kiwanda, kaunti, au jirani aliyempa matawi?