Kebo za Mtandao: Daini Matokeo ya Vipimo Kabla ya Kumaliza Malipo



Kebo ya mtandao ikishafichwa ukutani, kasoro yake hufichika pamoja nayo. Mara nyingi mwenye jengo huitambua fundi akiwa amekwisha kulipwa na ukuta umekwisha kupakwa rangi. Ndiyo maana tumechagua kuzungumzia upimaji.

Wengi wetu hupokea kazi kwa kutazama taa ya swichi: ikiwaka, tunalipa. Taa hiyo huonyesha tu kwamba vifaa viwili vimeunganika. Haithibitishi kuwa kebo itaimudu kasi tuliyoilipia.

Vipimo viko vya ngazi tatu. Cha kwanza huonyesha kama nyaya nane zilizomo ndani ya kebo zimeungwa kwa mpangilio sahihi. Cha pili hupima kasi ambayo kebo inaweza kuihimili. Cha tatu, ambacho ndicho cha kutolea cheti, hulinganisha kila kebo na kiwango kinachotambulika, kama vile ISO/IEC 11801. Hupima urefu, upotevu wa mawimbi njiani, na jinsi jozi moja ya nyaya inavyoiingilia nyingine, kisha hutamka: imefaulu au imeshindwa. Kwa nyumba yenye soketi mbili, kipimo cha pili chaweza kutosha. Kwa shule, zahanati au ofisi, tunashauri cha tatu, ingawa gharama yake ni kubwa zaidi.

Kipimo hicho hufichua yasiyoonekana kwa macho. Kebo ya kudumu, kutoka paneli hadi soketi, haipaswi kuzidi mita 90. Jozi zilizosokotwa zikifumuliwa mno kwenye kiungio, mawimbi huingiliana. Ipo pia kebo ya alumini iliyopakwa shaba, ambayo huuzwa kwa bei nafuu ilhali viwango vinataka shaba halisi.

Kwa hiyo, andikeni katika mkataba aina ya kebo, kiwango cha kupimia, na sehemu ya malipo itakayosubiri matokeo. Mkikabidhiwa, hesabuni: soketi 24 zinadai matokeo 24, kila moja na tarehe yake na namba ileile iliyobandikwa kwenye soketi. Ulizeni lini kifaa cha kupimia kilihakikiwa usahihi wake. Kisha chagueni wenyewe soketi mbili tatu, zipimwe tena mbele yenu.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Yahifadhini matokeo hayo pamoja na hati za jengo; yatawafaa siku ya kudai dhamana.