Ketamini na Mlango wa Kumbukumbu



Majeruhi wa panga na wa risasi, ambao tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014 hawajakoma kuletwa katika hospitali za Beni, mashariki mwa Kongo, aghalabu hupasuliwa kwa ketamini, dawa ya nusukaputi ichomwayo mshipani au katika nyama, isiyohitaji mashine wala umeme, nayo humwacha mgonjwa akipumua mwenyewe, macho wazi yakichezacheza, ilhali akizinduka hakumbuki kisu, ingawa pengine husimulia ndoto za ajabu. Imekuwaje macho yawe wazi na kisihifadhiwe kitu?

Ndani ya ubongo, kwenye usawa wa masikio, kila upande una sehemu iliyojikunja iitwayo hipokampasi, iwekayo kumbukumbu mpya. Henry Molaison, Mmarekani aliyeondolewa sehemu kubwa ya hizo mbili mwaka 1953 ili aponywe kifafa, aliishi hadi 2008 bila kuweza kuweka moyoni jambo jipya.

Huko seli za neva kwa kawaida hazigusani. Baina yao pana mwanya, sinapsi, ambao habari huuvuka kwa kemikali iitwayo glutamati, na ng'ambo vipo vipokezi. Kile cha AMPA hufunguka mara glutamati iwasilipo. Kile cha NMDA ni kikaidi: tundu lake limezibwa na magnesiamu, isiyobanduka mpaka seli iwe imekwisha kuamshwa kwa nguvu, hivyo ni kama mlango wa makomeo mawili yapasayo kuondolewa kwa wakati mmoja. Ukifunguka, kalisiamu huingia, na vipokezi vya AMPA huongezwa pale pale, hata sinapsi ikapata nguvu kuliko awali, jambo ambalo watafiti Bliss na Lømo walilibainisha kwa sungura mwaka 1973.

Basi ketamini huingia katika tundu la NMDA na kulikwamisha, sinapsi zisiimarike wala kumbukumbu mpya isiwekwe. Kwamba ketamini huzuia kipokezi cha NMDA kulidhihirika mwaka 1983, hali Marekani ilikwisha kuidhinisha dawa yenyewe tangu 1970. Waganga walitangulia kuitumia, elimu ikafuata nyuma.

Wako waiitao dawa ya maskini, nami sikubaliani nao, kwani ni nadra kupata nyingine imlazayo mgonjwa bila kumnyima pumzi mahali pasipo na hewa ya mitungi. Mwaka 2015 China ilipendekeza iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa, na Shirika la Afya Duniani likashauri isifanywe hivyo, kwa kuwa nchi zisizo na dawa mbadala zingedhurika. Enyi wanafunzi mtakaotumwa hospitali za Oicha, Kyondo na Musienene, pendekezo hilo la kuidhibiti likirejeshwa tena, andikeni mliyoyaona mezani pa upasuaji, na muyapeleke serikalini Kinshasa kabla wengine hawajatuamulia.